Kiti cha Maboksi kwa Mtoto Asiyeweza Kukaa: Shajara ya Kikundi cha Diakonia

Shajara hii ni ya kikundi cha diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wenye shida, cha usharika mmoja wa Kilutheri pembezoni mwa mji wa Moshi. Inaandikwa ili usharika, parokia au kanisa jingine likitaka kutengeneza viti hivi lianzie pale sisi tulipofikia. Hatua zilizokwenda sawa tumezifupisha. Makosa tumeyapa nafasi, kwa sababu kiti kibaya si kwamba hakimfai tu mtoto, kinamuumiza.

Jumamosi, 3 Februari 2024: Kuhesabu tulichonacho

Eneo la usharika lina watoto watatu wenye mtindio wa ubongo ambao hawawezi kukaa bila kushikwa: mmoja wa miaka 4, mmoja wa 5 na mmoja wa 7. Wanashinda wamelala chali mkekani na wanalishwa wakiwa hivyo hivyo. Mtoto anayelishwa chali hupaliwa mara kwa mara, uji ukaingia njia ya hewa, na mwisho wake ni vichomi visivyoisha. Akikalishwa sawasawa anameza vizuri zaidi, mikono inapata kazi, na anaweza kumtazama usoni anayezungumza naye.

Seremala wa jirani alitutajia shilingi 95,000 kwa kiti kimoja cha msonobari bila godoro. Kapu la diakonia lina 112,000.

Mjane mwenye deni alipomlilia Elisha, nabii hakuanza na muujiza, alimuuliza kwanza ana kitu gani nyumbani (2 Wafalme 4). Tukalichukua swali hilo kama lilivyo na kuandika vitu ubaoni. Maboksi ya maduka ya jumla karibu na soko la Mbuyuni, ambayo mengi huishia kuchomwa. Magazeti ya zamani ofisini kwa mchungaji. Mifuko mitupu ya saruji kutoka kwenye ujenzi wa ukumbi. Jiko la ukumbi na sufuria zake. Watoto wa kipaimara 26. Kina mama wanaojua kukoroga uji usitoke madonge, na ujuzi huo ndio uti wa mgongo wa kazi yote, kama itakavyoonekana.

Ufundi wenyewe si wetu. Ulianzia Zimbabwe kwa mwalimu Bevill Packer, aliyeonyesha kwamba karatasi na maboksi yakigandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga yanageuka kitu kigumu kama mbao. Watu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) na tiba kwa vitendo (inayomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) wameubeba hadi nchi nyingine za Afrika. Moshi ni mji wa hospitali ya rufaa ya KCMC na vyuo vyake vya afya, kwa hiyo kumpata mtaalamu wa tiba kwa vitendo hapa si kazi ngumu kama kwingine. Aliyekubali kutusaidia aliwaona watoto wote watatu kabla hatujakata hata boksi moja. Yeyote anayefuata shajara hii tunamsihi asiruke hatua hiyo. Wako watoto ambao nyonga imechomoka au mgongo umepinda, na kiti cha pembe mraba kitawazidishia maumivu.

Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama kumpa mtoto kiti cha karatasi si kumdharau. Ni swali zuri na halikupuuzwa. Tulikubaliana hivi: hakuna kiti kitakachotoka ukumbini kabla mtu mzima hajakikalia, na atakayekikalia ni yeye.

Jumamosi, 10 Februari: Vipimo

Vipimo sita kwa kila mtoto, vyote kwa futi ya fundi cherehani. Kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Upana wa nyonga. Kutoka kwenye kikalio hadi kwapani. Kutoka kwenye kikalio hadi kwenye kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa. Kutoka kwenye kikalio hadi utosini.

Mtoto wa miaka 4 alipimwa akiwa amelala kitandani, kwa kuwa alikuwa na usingizi na hakuna aliyetaka kumwamsha. Msomaji akumbuke sentensi hii atakapofika tarehe 16 Machi.

Jumamosi, 17 Februari: Uji wa gundi

Kilo nzima ya unga imepotea leo kabla hatujapata uwiano. Gundi nyepesi iliyalowesha maboksi hadi mawimbi ya ndani yakalala, na ubao wa boksi bila mawimbi yake hauna nguvu. Gundi nzito kama ugali haikutandazika, ikaacha mifuko ya hewa iliyosikika ukigonga kwa kidole: ko, ko, kama nazi iliyokauka. Unga wa sembe tuliujaribu kwa sababu ni wa bei ndogo, ukaacha chenga zinazozuia tabaka kushikana.

Kilichofaa ni unga wa ngano kikombe 1, maji baridi kikombe 1, maji yanayochemka vikombe 5. Vuruga unga kwenye maji baridi hadi madonge yaishe kabisa. Mimina maji ya moto taratibu huku mwenzako anakoroga, kisha rudisha jikoni kwa moto mdogo. Gundi imeiva pale weupe wa maziwa unapoondoka na uji kuanza kung'aa. Ikiepuliwa mapema hushika siku ile ile na kuachia baada ya wiki. Upawa ukichovywa na kuinuliwa, ibaki ngozi nyembamba mgongoni mwake. Walio Pwani au Kanda ya Ziwa wanaweza kutumia muhogo, wanga wake unashika vizuri.

Kuna jaribio linaloondoa ubishi. Gandisha vipande viwili vya boksi, viache siku mbili vikauke, kisha vibandue kwa nguvu. Boksi likichanika lenyewe kabla gundi haijaachia, gundi ni nzuri. Vikiachana kisafi, mwaga.

Gundi haivuki siku ya pili. Harufu ya uchachu ikianza, imekwisha, na kuitumia ni kupanda ukungu ndani ya kiti. Tupike kidogo kidogo, sufuria moja kwa mchana mmoja.

Jumamosi, 2 Machi: Mbao za boksi

Maboksi ya mafuta ya kula na ya biskuti yanafaa. Yenye nta yanakataa gundi, na yaliyowahi kunyeshewa hayafai hata yakikauka. Ng'oa tepu na pini zote, kwa sababu pini moja iliyobaki ndani itakata mtu wakati wa kupiga msasa.

Kila tabaka linalala kinyume na lililo chini yake: mawimbi ya hili yakielekea mbele, ya linalofuata yaelekee kando. Tabaka 7 kwa kikalio, 5 kwa mgongo na mbavu, 5 kwa meza.

Kosa la leo ni uzito. Rundo la kwanza lilikandamizwa kwa matofali 10 ya bloku usiku kucha, kwa imani kwamba kadiri linavyobanwa ndivyo linavyoshika. Asubuhi ubao ulikuwa umeshikana kweli, ila ulikuwa na unene wa sentimeta 1.6 badala ya 2.3, na ukiushika pembeni ulipinda. Mawimbi yalikuwa yamepondwa. Sasa tunalaza karatasi ya nailoni, juu yake ubao bapa wa mbao, na juu ya ubao huo bloku mbili tu, moja kila upande, kwa saa tatu. Baada ya hapo ubao wa boksi unasimamishwa ukutani upate hewa pande zote mbili, na kugeuzwa asubuhi na jioni. Uliolazwa chini unakauka upande mmoja na kujikunja kama kigae.

Kukauka kulichukua siku nne. Tulianika kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali la saa sita mchana linawahi kukausha ngozi ya juu na kufungia unyevu ndani.

Jumamosi, 16 Machi: Kiti cha kwanza, na kosa la kina

Kuunganisha kumekwenda vizuri. Mbao zinatobolewa kwa msumari wa moto, vijiti vya mishikaki vinachovywa kwenye gundi nyeupe ya mbao na kupigiliwa kama misumari, kila baada ya sentimeta 5. Kisha kila kona, ndani na nje, inavikwa karatasi ya mfuko wa saruji iliyokunjwa pembe mraba, tabaka 8. Karatasi hiyo ni ngumu kuliko gazeti kwa mbali. Ikung'utwe na kufutwa kwa kitambaa kibichi kwanza, vumbi la saruji linachoma ngozi, na anayefuta avae glavu.

Juu ya hapo kiti kizima kinafunikwa kwa vipande vya gazeti. Hii ndiyo kazi ya watoto wa kipaimara. Karatasi ichanwe kwa mkono, isikatwe kwa mkasi, maana ukingo uliochanwa una nyuzi zinazozama kwenye tabaka la chini na kutoonekana, ilhali ukingo wa mkasi unabaki kama ngazi na ndipo unapoanza kubanduka. Gazeti lina upande linakochanika moja kwa moja na upande linakokataa, ni kujaribu tu. Kurasa za magazeti ya kung'aa hazinyonyi gundi.

Katika kuchana karatasi, watoto walisoma habari ya Bezaleli katika Kutoka 31: mtu aliyejazwa Roho wa Mungu ili achonge mawe na mbao. Wengi wao walikuwa wanajua Roho wa kuhubiri na wa kuimba. Wa kuchonga hawakuwahi kufundishwa.

Msasa, vanishi mara tatu, siku moja kati ya mkono na mkono. Mzee wa kanisa akakaa, kilo zake themanini na ushee, akasoma Zaburi ya 103 yote bila kuinuka. Kiti hakikulia.

Mtoto alipokalishwa, ndipo kosa lilipojitokeza. Makalio yaliteleza mbele, mgongo ukapinda kama upinde, kichwa kikaangukia kifuani. Bibi yake akasema, "Jamani, huyu anateleza kama sabuni, na miguu inaning'inia." Alikuwa ametaja makosa yote mawili kwa sentensi moja.

Kina cha kikalio kilikuwa sentimeta 28. Kilichotakiwa ni 22. Mtoto aliyelala kitandani alipimwa na sweta na nepi nene nyuma, na futi ikaishia mbele ya goti badala ya nyuma yake. Kikalio kirefu kinagusa nyuma ya magoti kabla makalio hayajafika kwenye mgongo wa kiti. Mtoto hana pa kwenda, anajisukuma mbele ili magoti yakunjike, na nyonga inalala.

Kanuni tuliyoiandika ukutani: mtoto apimwe akiwa amekaa juu ya benchi gumu, mtu mzima akimshikilia nyonga zikiwa wima. Kina cha kikalio ni kipimo cha makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimeta 2 au 3. Upana ni nyonga na sentimeta moja kila upande. Urefu wa kukanyagia ni nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa viatu atakavyovaa. Meza iwe usawa wa kiwiko au juu yake kidogo. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu, vyote pembe mraba.

Jumamosi, 23 Machi: Kurekebisha bila kubomoa

Kina kikizidi hakikatwi, kinajazwa. Tumegandisha ubao wa unene wa sentimeta 6 mbele ya mgongo wa kiti, na kisanduku cha kukanyagia chini ya miguu. Kazi ya mchana mmoja na siku tano za kukauka. Ndiyo sababu tunashauri kukosea kwa ziada kuliko kwa upungufu: kiti kikubwa kinapunguzwa kwa ubao, kidogo kinatupwa. Tena mtoto anakua. Ubao huo wa mgongo ukitengenezwa wa kuchomoka, kiti kinaweza kumfuata mtoto kwa muda mrefu zaidi.

Gharama ya kiti cha kwanza mpaka leo: unga kilo 3 (pamoja na ile iliyoharibika) 6,000, vanishi lita moja 14,000, msasa 3,000, gundi nyeupe nusu lita 4,000, sponji 5,000, leza ya kufunika sponji 4,500, mkanda na velkro 3,000, mkaa 2,000. Jumla 41,500. Nusu ya bei ya seremala haijafika, lakini ni kubwa kuliko tulivyotaka.

Wiki ya Mateso na Jumamosi ya kabla ya Pasaka hatukufanya kazi.

Jumamosi, 6 Aprili: Mkanda

Tunaomba sehemu hii isomwe pole pole, kwa kuwa hapa ndipo uzembe unaweza kuua.

Mkanda wa kwanza ulifungwa tumboni, umepita kwenye matundu mawili ya mgongo wa kiti. Mahali hapo panaonekana pa kawaida, ndipo mtu anapofunga kanga. Mtoto alipojinyoosha kwa nguvu, kama wafanyavyo wengi wenye misuli inayokaza, nyonga ilipita chini ya mkanda na mkanda ukapanda mbavuni. Mama yake alikuwa karibu akaufungua. Lau angekuwa nje anaanua nguo, safari ya mkanda ule ilikuwa inaelekea shingoni.

Mkanda unatakiwa kukaa juu ya mifupa ya nyonga, ukivuta kuelekea chini na nyuma, mshazari wa nyuzi 45, hadi kwenye pembe kikalio kinapokutana na mgongo wa kiti. Ufungiwe kwenye kikalio, usifungiwe kwenye mgongo. Ukibana vizuri, kiganja kinapita kati yake na mtoto, ngumi haipiti. Velkro iwe ndefu, angalau sentimeta 10 za kushikana, na mwisho wake uwe na kitanzi ambacho mtu mzima anakivuta mara moja na mkanda wote unaachia.

Kitu cha pili ni kigingi cha katikati ya mapaja. Tulikiweka karibu na kinena tukidhani kitamzuia asiteleze. Hiyo si kazi yake na kikitumika hivyo kinamuumiza. Kazi yake ni kutenganisha magoti yasipishane kama mkasi, kwa hiyo mahali pake ni kati ya magoti, ukingoni mwa kikalio, kikiwa kimevikwa sponji. Kinachozuia kuteleza ni kina sahihi, mkanda wa nyonga, na kwa mtoto anayejikaza sana, kikalio kilichoinuliwa mbele kidogo. Mtaalamu alipendekeza kipande cha sentimeta 2 chini ya magoti kwa mtoto huyu, na siku ile ile alitulia.

Mkanda mpya haukununuliwa. Mikanda ya mabegi ya shule yaliyochakaa ni imara kuliko ile ya dukani.

Jumamosi, 20 Aprili: Masika na ukungu

Mbao 11 za kiti cha pili na cha tatu zimeharibika zote. Masika ya mwaka huu ni makubwa, nchi nzima inazungumzia mafuriko, na ukumbi wetu haujaona jua kwa siku tisa. Siku ya tano ukungu wa kijani ulianza kwenye kingo, siku ya saba mweusi katikati. Tabaka zilizofunuliwa kwa kisu zilikuwa mbichi kama siku ya kwanza. Unga kilo 3 umekwenda, 6,000, pamoja na Jumamosi mbili za watu.

Tulikuwa tumepika sehemu ya gundi kwa maji ya majani ya mwarobaini tuliposikia yanazuia ukungu. Mbao hizo ziliota ukungu siku ile ile na zile nyingine. Hatuoni sababu ya kurudia.

Pia panya. Gundi hii ni chakula, na ubao mmoja uliosahauliwa stoo uliliwa kona nzima. Kuanzia sasa hakuna ubao unaolala sakafuni.

Waliovunjika moyo walikuwa na haki. Kwenye maombi ya kufunga siku ilisomwa Marko 2, wale wanne waliomleta mwenye kupooza wakakuta mlango umejaa watu. Hawakurudi nyumbani, wakapanda darini.

Jumamosi, 11 Mei: Darini

Na dari ndilo lililojibu. Nyumba za jiko za huku mlimani zina kichanja juu ya mafiga, pale mahindi ya mbegu na kuni hukaa miezi mingi bila kuoza, kwa sababu joto na moshi vinapita kila siku. Bibi watatu wa mtaa wa juu walikubali kupokea mbao, nne nne.

Masharti tuliyoyajua kwa kujaribu: ubao ukae angalau mita moja na nusu juu ya moto, usilale bapa, usimame kwa ubavu juu ya fito mbili ili moshi upite pande zote, ugeuzwe kila jioni wakati wa kupika. Siku sita mbao zilikuwa kavu, nyepesi, na zinalia kavu ukizigonga. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi na harufu ya moshi haikutoka hata kwa msasa, lakini vanishi iliifunga. Ubao mmoja uliokuwa chini mno uliungua ukingo.

Tumepunguza pia unyevu kutoka chanzo chake. Zamani tulipaka gundi pande zote mbili zinazokutana. Sasa ni upande mmoja, na tabaka tatu zinakauka kwanza kabla ya kuongeza nyingine. Kazi inachukua siku nyingi zaidi na haijaoza tena.

Usharika usio na majiko ya kuni, fanya kazi ya mbao kati ya Juni na Septemba au Januari na Februari, na masika iwe ya kushona foronya za sponji na kuchana magazeti.

Jumamosi, 13 Julai: Viti viwili vimekwenda nyumbani

Unga kilo 4, 8,000. Vanishi lita moja na nusu, 21,000. Msasa 4,000, gundi nyeupe 4,000, leza 7,000, velkro 3,000. Sponji ni ya godoro kuukuu lililotolewa na muumini, lililofuliwa na kuanikwa siku tatu. Jumla 47,000, yaani 23,500 kila kiti. Kutoka kwenye zile 112,000 za kapu zimetumika 94,500 kwa viti vitatu na hasara ya Aprili, zimebaki 17,500.

Vanishi ndiyo inayokula fedha, na tumejaribu kuipunguza. Kupaka mara mbili badala ya tatu kuliacha kingo zinanyonya maji ya kufutia uji, zikavimba ndani ya wiki moja. Mara tatu, na kingo mara nne. Hapo hakuna pa kubana.

Mmoja wa watoto hawa ni wa familia ya Kiislamu. Katika kikao palitolewa wazo la kuandika mstari wa Biblia nyuma ya kiti, na likakataliwa kwa viti vyote vitatu. Msamaria katika Luka 10 alitoa mafuta, divai, mnyama wake na dinari mbili, na hatusomi kwamba alimdai aliyejeruhiwa chochote. Kiti kinapelekwa kimya kimya siku ya kazi, hakipitishwi mbele ya madhabahu, mtoto hapigwi picha. Maombi yanafanyika familia ikiomba. Na hakuna anayeruhusiwa kusema kwamba kiti kitamfanya mtoto atembee. Wazazi hawa wameuziwa matumaini mara nyingi.

Kilichoonekana siku ile kinatosha kuandikwa. Mtoto wa miaka 7 amezoea kuona mabati ya paa. Alipokaa, kuku alipita uani, na kichwa chake kikamfuata kuku yule kutoka mlango wa jiko hadi kwenye mgomba, taratibu, bila kuanguka. Mama yake aliweka kijiko juu ya meza ya kiti. Mkono wa kushoto ulichukua muda mrefu kukifikia, ukakifikia.

Maelekezo tunayoyaacha nyumbani, kwa mdomo na kwa karatasi yenye michoro: siku za kwanza dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, kisha kuongeza. Mtoto asiachwe peke yake kitini. Kila akitolewa, aangaliwe makalio, mgongo, nyonga na nyuma ya magoti. Wekundu usiopotea ndani ya nusu saa maana yake panabana, kiti kisitumike hadi tuje. Wakati wa kula kidevu kiinamishwe kidogo, kijiko kitoke mbele usawa wa mdomo, kisitoke juu. Akimaliza kula abaki amekaa nusu saa. Kiti kifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisioshwe wala kuachwa nje usiku.

Jumamosi, 31 Agosti: Ukaguzi wa viti vyote

Kiti cha kwanza kina miezi mitano. Kona zote za karatasi ya saruji ziko imara. Kilichochoka ni nyayo: sakafu inapigwa deki kila asubuhi, maji yamepanda kwenye miguu ya kiti hadi sentimeta 3 na tabaka zimeanza kufunguka kama kitabu. Sehemu iliyovimba imekatwa, ikakaushwa darini siku tatu, ikajazwa vipande vipya. Kisha kila mguu ukavikwa kiatu cha mpira wa tairi la ndani la pikipiki, kilichokatwa kwa mkasi, kikagandishwa kwa gundi ya viatu na kupanda sentimeta 5. Kwa fundi baiskeli mipira hiyo ni takataka, alitupatia bure. Viti vyote vitatu sasa vina viatu, na kiti kijacho kitavikwa kabla ya kutoka ukumbini. Vanishi ya kurudia, nusu lita, 7,000. Kapu lina 10,500.

Mtoto wa miaka 5 alikuwa na alama nyekundu nyuma ya goti la kulia. Kikalio kilikuwa sawa sawa mno na paja lake tangu mwanzo. Ubao wa mgongo wa kwake unachomoka, na wa unene wa sentimeta 3 umebadilishwa na wa 4, goti likapata nafasi. Mtaalamu amemwona na ameagiza apimwe upya mwezi Novemba.

Familia ya nne imekuja kuomba kiti, mtoto wa miaka 3. Atapimwa Jumamosi ijayo saa nane mchana, juu ya benchi. Maboksi 22 yako stoo, yamepangwa juu ya fito, hayagusi sakafu.